Kompyuta ya Zamani Yenye SSD Mpya Inapogoma Kuwaka

Mteja anayeingia na kompyuta begani, awe ametoka Nyakato au Igoma hapa Mwanza, au ng'ambo ya ziwa, husema neno moja tu: "Haiwaki." Nyumbani neno hilo linatosha, lakini kwenye meza ya fundi halitoshi, kwa sababu ndani yake yamejibana matatizo yasiyo na undugu wowote: mashine isiyopokea umeme kabisa, mashine inayozungusha feni bila kutoa picha, mashine isiyoiona diski, mashine inayoiona diski lakini haipati cha kufungua, na mashine inayoanza kufungua Windows kisha ikaishia kwenye skrini ya bluu. Ikiwa diski ilibadilishwa siku za karibuni, yote hayo hubebeshwa SSD mpya, ile diski isiyo na sahani inayozunguka. Kwa mashine nilizozifungua mimi, SSD yenyewe kuwa mbovu ni jambo la nadra. Mara nyingi kosa huwa kwenye kitu kilichoguswa wakati wa kuiweka, au kwenye kitu kilichokuwa kimechoka tangu zamani na ambacho diski ya kwanza ilikuwa ikikivumilia.

Kwa hiyo swali la kuanza nalo ni mashine inakwama wapi. Iwashe, usiguse kitu, na upige picha ya skrini kwa simu pale inapoganda, maandishi yote yakiwemo, kwa kuwa maneno hayo ndiyo yatakayokuonyesha uanzie wapi. Usikimbilie kufomati. Na kama diski ya zamani bado ipo, iweke pembeni bila kuifuta kwa wiki kadhaa, kwa sababu ndiyo akiba yako ya data na pia ndiyo kipimo chako: ukiirudisha na tatizo likabaki palepale, SSD imejitoa kwenye orodha ya watuhumiwa.

Feni zinazunguka, skrini ni nyeusi

Hapa diski haihusiki, au inahusika kwa mbali sana. Kompyuta inapowashwa, bayosi, ile programu ya ubao mama inayoamka kabla ya Windows, hukagua prosesa, rami (kumbukumbu ya muda) na kadi ya picha kabla ya kwenda kutafuta diski, na mashine isiyo na diski yoyote inapaswa kutoa picha na kulalamika kwamba haioni cha kufungua. Chomoa waya zote mbili za SSD, ya data na ya umeme, kisha uiwashe. Picha ikirudi, kagua SSD na adapta ya umeme inayoilisha, kwa maana moja kati ya hizo inapiga shoti. Skrini ikibaki nyeusi, rudi kwenye mkono ulioweka SSD: katika kasha finyu la mezani, mkono unaopitisha waya husukuma rami kidogo, au hulegeza ile soketi ndogo ya umeme yenye pini nne iliyo karibu na prosesa. Chomoa rami, futa meno yake taratibu kwa raba ya penseli, irudishe na uibane mpaka vishikizo vya pembeni vilie. Milio ya onyo hutofautiana kati ya bayosi moja na nyingine, hivyo tafuta maana yake kwa modeli ya mashine yako na usikariri ya jirani.

Hapa Mwanza kuna jambo la ziada. Wale wadudu wadogo wanaotoka ziwani kwa makundi kama moshi hufuata taa za dukani usiku, na feni ya pawasaplai, lile boksi linalogawa umeme ndani ya kasha, huwavuta ndani bila kubagua. Nimefungua kasha lililokaa miaka michache karibu na mwalo nikakuta tabaka la wadudu wakavu limeziba matundu ya hewa kabisa. Kabla ya kupima chochote, safisha, mashine ikiwa imechomolewa ukutani.

Bayosi haiioni SSD

Ingia kwenye bayosi, kwa F2, Delete au F10 kutegemea mtengenezaji, na uangalie orodha ya diski. Jina la SSD lisipoonekana hapo, hakuna amri ya Windows itakayosaidia, na kazi inayobaki ni ya waya na soketi. Kwenye mashine ya mezani, badilishana na waya na soketi ya DVD, ambayo kwa kawaida inafanya kazi. Hilo huchukua dakika mbili na humaliza kesi nyingi. Waya za data za zamani zisizo na kibano cha chuma huchomoka nusu milimita tu zikatosha kuleta balaa. Hakikisha pia kwamba soketi hiyo haijazimwa ndani ya bayosi, kwa sababu kwenye mashine za ofisi soketi zisizotumika huweza kuwa zimefungwa.

Kwenye kompyuta mpakato, angalia unene. Diski nyingi za zamani zina unene wa milimita 9.5, ilhali SSD nyingi za inchi 2.5 zina milimita 7, hivyo SSD huweza kuning'inia na pini zake zisikae sawasawa. Fremu ya plastiki ya milimita 2.5 inayokuja na baadhi ya SSD haikuwekwa kwenye boksi kama pambo. Waliohamishia SSD kwenye nafasi ya DVD kwa kutumia kedi, yaani fremu ya kuishikilia humo, wajue kwamba baadhi ya bayosi hazikubali kuanzia mfumo hapo. SSD ikae nafasi ya diski kuu, na diski ya zamani ndiyo iende kwenye kedi.

Kisha kuna kosa la dukani. SSD za umbo la M.2, vile vibao vyembamba visivyo na gamba, zinafanana kwa macho, lakini nyingine huzungumza kwa SATA, njia ya kawaida ya diski, na nyingine kwa NVMe, njia mpya yenye kasi zaidi, na ubao mama wa kabla ya mwaka 2014 hivi kwa kawaida haujui kabisa kuanzisha mfumo kutoka NVMe. Ukiichomeka kwa adapta, Windows iliyofunguka kutoka diski nyingine itaiona vizuri, lakini bayosi haitaiorodhesha kati ya vitu vya kuanzia. Kwa mashine ya umri huo, nunua SSD ya SATA ya inchi 2.5 na usihangaike na adapta.

Mashine kongwe zaidi, zile za miaka ya 2003 hadi 2006, zina ugonjwa wao. SATA ya kwanza ilienda kwa kasi ya gigabiti 1.5 kwa sekunde, ya pili 3, na ya tatu 6, na ingawa kanuni inataka vifaa vya kasi tofauti vielewane, vidhibiti vingine vya zamani, kama VT8237 ya VIA, hushindwa kukubaliana na diski za kasi ya juu, mashine ikaganda wakati wa kutafuta diski. Diski za sahani zilikuwa na pini za kushusha kasi kwa sababu hiyo. SSD nyingi hazina. Kwa mashine ya namna hiyo ushauri wangu ni kutoitumia fedha.

Bayosi inaiona, lakini mashine haina cha kufungua

Maneno kama "No bootable device" au "Operating system not found", yakitokea huku jina la SSD likionekana kwenye bayosi, yanaonyesha kwamba umeme na waya viko sawa. Chomoa kwanza fleshi, modemu na kila kinachoning'inia kwenye soketi za USB, kisha uangalie mpangilio wa kuanzia, maana bayosi hupenda kuiweka diski mpya mwisho wa foleni.

Mpangilio ukiwa sahihi na tatizo likaendelea, chunguza ndoa kati ya bayosi na diski. Windows iliyo kwenye diski iliyogawanywa kwa mpango wa zamani wa MBR huanzishwa kwa njia ya zamani iitwayo Legacy, na iliyo kwenye diski ya mpango mpya wa GPT huanzishwa kwa UEFI, bayosi ya kisasa; ukizichanganya, hakuna kitakachofunguka hata kama faili zote zipo. Ili kujua diski yako ni ya aina gani, iunganishe kwenye mashine nyingine, fungua diskpart, programu ya Windows ya kupanga diski kwa amri, na uandike list disk: yenye nyota chini ya safu ya Gpt ni GPT, isiyo na nyota ni MBR. Mashine nyingi za enzi ya prosesa za Core 2 Duo hazina UEFI kabisa, hivyo SSD iliyoandaliwa kwa GPT kwenye kompyuta ya kisasa haitafunguka humo. MBR haivuki terabaiti 2, lakini sijaona mtu wa kuweka SSD ya ukubwa huo kwenye mashine ya namna hiyo.

Kuna dalili moja inayojieleza yenyewe: mashine inafunguka diski zote mbili zikiwemo, na inagoma mara tu ya zamani inapotolewa. Hapo aliyenakili Windows kutoka diski ya zamani alihamisha sehemu ya C peke yake na kuiacha nyuma ile patisheni ndogo, ya megabaiti 100 hivi, inayobeba faili za kuanzishia. Huna haja ya kurudia kazi yote. Anzisha mashine kwa fleshi ya kusakinishia Windows 10, SSD ikiwa peke yake, ingia upande wa matengenezo na ufungue dirisha la amri. Humo herufi za diski huweza kuhama, hivyo tafuta kwanza kwa amri ya dir ni herufi ipi iliyobeba folda ya Windows. Kwa diski ya MBR, tumia diskpart kuifanya patisheni yenye folda hiyo kuwa active, kisha, ikiwa herufi yake ni C, andika bcdboot C:\Windows /s C: /f BIOS, na baada yake bootrec /fixmbr. Kwa GPT, ile patisheni ndogo ya FAT32 hupewa herufi kwanza, tuseme S, na amri huwa bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI; kama patisheni hiyo haipo kabisa, utalazimika kuitengeneza kwanza.

Baada ya kunakili diski nzima, washa mara ya kwanza SSD ikiwa peke yake. Nakala na asili hubeba saini moja ya utambulisho, na Windows ikizikuta pamoja huizima mojawapo, jambo linalomfanya mwenye mashine aamini kwamba SSD imekufa wakati imezimwa tu.

Windows inaanza, kisha skrini ya bluu

Hapa nina deni la kulipa kwa mama mmoja mwenye duka la steshenari kule Nansio, Ukerewe. Alikuja na mashine yake ya mezani ya Core 2 Duo, nikamwekea SSD na Windows 10 mpya, nikaiwasha na kuizima siku mbili mezani kwangu, akaondoka nayo Ijumaa ikiwa inafunguka haraka kuliko alivyozoea. Jumatatu simu ikaingia: bluu tupu, na maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Alirudi nayo kwa meli, kasha likiwa limefungwa kwa kanga, na baada ya shikamoo na marahaba akaniambia bila kuzunguka, "Mwanangu, uliniwekea feki."

Nilianza kwa kulaumu safari. Nikakagua waya, nikabadilisha soketi, bluu ileile. Nilipoingia kwenye bayosi ndipo nilipoona tarehe: Januari mosi ya mwaka ambao mashine yenyewe ilikuwa bado changa. Chini yake, hali ya SATA, yaani namna ubao mama unavyozungumza na diski, niliyokuwa nimeiweka AHCI, ya kisasa, kwa mkono wangu, ilikuwa imerudi IDE, ya zamani. Nikaitoa betri ya CR2032, ile ndogo ya duara inayoshikilia tarehe na mipangilio ya bayosi, na kuipima: volti 2.1, badala ya 3. Nikamuuliza kama mashine ilikuwa ikilalamika lolote inapowashwa zamani. "Si ile ya kubonyeza F1? Hiyo ndiyo kawaida yake, naibonyeza kila asubuhi."

Kwa nini ilikuwa ikifunguka miaka yote hiyo? Kwa sababu Windows yake ya zamani ilisakinishwa mashine ikiwa IDE, na IDE ndiyo mpangilio wa kiwandani wa bayosi ile. Kila usiku alipochomoa waya ukutani, kwa hofu ya radi ambayo mtu wa visiwani hawezi kulaumiwa kwayo, betri ilishindwa kushikilia kumbukumbu na bayosi ikarudi kiwandani, lakini kiwandani na Windows walikuwa wakielewana. Windows niliyoweka mimi ilitarajia AHCI. Mezani kwangu mashine haikuchomolewa ukutani hata mara moja, na umeme wa akiba wa pawasaplai uliibeba betri. Na siku ya kwanza nilipoichomeka, F1 hiyohiyo niliibonyeza mwenyewe bila kuhoji chochote.

Dawa ilikuwa betri mpya, isiyofika bei ya sahani ya wali kwa samaki, na kurudisha AHCI. Windows ilifunguka bila kupoteza faili hata moja. Tangu siku ile sifungi mashine ya zamani kabla ya kuchomoa waya wa umeme, kuiacha ilale usiku mmoja, na asubuhi kuangalia kama inakumbuka tarehe. Kuchomoa kwa ajili ya radi ni busara na sitamwambia mtu wa ziwani aache. Ila ajue kwamba mashine inayochomolewa kila siku humaliza betri hiyo mapema, na kwamba tarehe mbovu ndiyo dalili ya kwanza.

Skrini hiyohiyo ya bluu humpata pia aliyenakili Windows ya zamani kutoka IDE kisha akabadilisha kwenda AHCI kwa kusikia kwamba ndiyo inayofaa SSD. Ni kweli inafaa, lakini Windows lazima iandaliwe kwanza. Kwenye Windows 10, irudishe IDE, fungua msconfig, dirisha la mipangilio ya kuanza kwa Windows, chagua kuanza kwa hali salama, zima na uwashe upya huku ukiingia bayosi kuweka AHCI, iache ifunguke katika hali salama, kisha ondoa alama ile ya msconfig. Kwenye Windows 7, rejista ya mipangilio ya Windows ndiyo njia: chini ya huduma za mfumo, thamani ya Start ya msahci, dereva ya AHCI, iwekwe 0 kabla ya kubadilisha bayosi. Kwa kompyuta za ofisi zenye BitLocker, kufuli ya data ya Windows, hakikisha una ule ufunguo wa tarakimu 48 kabla ya kugusa bayosi, la sivyo mabadiliko madogo yatakufungia nje ya data zako.

Asubuhi inagoma, mchana inakubali

Tofautisha baridi na kuzimwa. Kama mashine inafunguka vizuri ukibonyeza Restart lakini inagoma kila baada ya kuzimwa kabisa, mshukiwa ni kile kipengele cha kuanza haraka cha Windows 8 na 10, ambacho huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski badala ya kuuzima kikweli, na ambacho huchanganyikiwa diski inapobadilishwa. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika powercfg /h off, kisha ujaribu tena.

Kama inahitaji kubonyezwa mara tatu au nne asubuhi, na ikishapata moto haisumbui, hiyo ni pawasaplai au kapasita za ubao mama, zile silinda ndogo zinazotunza umeme. Tazama vichwa vyao: vinapaswa kuwa bapa, na kilichofura au kuvuja kimeshakwisha. SSD ya inchi 2.5 hutegemea volti 5, waya mwekundu, na mita ya kawaida itakuonyesha kama iko kati ya 4.75 na 5.25 mashine ikiwa inafanya kazi. Pawasaplai yenyewe usiifungue kama hujafundishwa, kwa kuwa kapasita zake hubaki na umeme mkali hata ikishachomolewa.

Inafunguka, lakini inajikokota

SSD kwenye SATA ya pili haitavuka megabaiti 300 kwa sekunde, na hilo si tatizo. Faida kubwa haiko kwenye kasi ya kusoma faili ndefu bali kwenye kutosubiri sahani izunguke, na faida hiyo mashine ya zamani inaipata. Ikiwa dakika zinapita kabla hata ya nembo ya Windows kutokea, chomoa diski ya zamani uliyoiacha kama ghala la picha. Diski inayokufa huifanya bayosi, na baadaye Windows, kuisubiri ijibu, na SSD nzima huonekana mzembe kwa kosa la jirani yake.

Pakua pia programu ya kusoma SMART, kumbukumbu ya afya ambayo diski hujiandikia yenyewe, kama CrystalDiskInfo, na utazame kipengele C7, idadi ya makosa ya mawasiliano kati ya diski na ubao mama. Namba hiyo hairudi nyuma, hivyo kuikuta ina kitu si ushahidi. Iandike, tumia mashine siku mbili, uitazame tena. Ikiwa inapanda, badilisha waya.

Inabaki hali moja ambapo SSD inastahili lawama zote: mashine ilifunguka vizuri wiki za mwanzo, kisha kadiri faili zilivyoongezeka zikaanza kuharibika, na siku moja Windows ikakataa. Pima ukubwa wa kweli. Kuna SSD za bandia ambazo gamba lake linatangaza terabaiti nzima na ndani mna kumbukumbu ndogo iliyofundishwa kusema uongo kuhusu ukubwa wake. Okoa kwanza unachoweza kuokoa, kwa sababu kipimo kinachofuata huandika juu ya kila nafasi iliyo wazi. Kisha endesha H2testw, ambayo hujaza diski na kuisoma upya, na ikionyesha kwamba kilichoandikwa hakisomeki, ifungashe na uirudishe ulikoinunua pamoja na risiti.